Uzito wa Mwili na Wepesi wa Fikra: Mafunzo kutoka Pemba

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki zimo imani mbili juu ya mwili na akili, nazo huishi pamoja ingawa hazipatani. Imani ya kwanza husema kwamba mwili na akili ni vitu viwili mbalimbali. Kwa imani hiyo, kila saa inayotumiwa uwanjani ni saa iliyoibwa darasani, na ndiyo maana mitihani inapokaribia kipindi cha michezo huwa cha kwanza kufutwa katika ratiba. Imani ya pili husema kwamba umbo la mtoto ni kioo cha akili yake. Mnene huambiwa kuwa ni mvivu wa kufikiri, na mwembamba asinziaye nyuma ya darasa huitwa mzito wa kuelewa.

Je, sayansi inasemaje? Uzito wa mwili una uhusiano gani na uwezo wa kufikiri? Na ukakamavu, yaani uwezo wa moyo, mapafu, damu na misuli kufanya kazi bila kuchoka upesi, unaisaidia akili kwa njia gani? Maswali haya yamechunguzwa katika nchi nyingi, lakini baadhi ya majibu yenye uzito mkubwa yametoka karibu na nyumbani, katika kisiwa cha Pemba. Huko, kwa muda wa miaka mingi, maelfu ya watoto wamepimwa damu, kimo, uzito, mwendo na lugha. Yaliyoonekana yanawahusu walimu na wanafunzi wote, hata wale ambao hawajapata kuiona mikarafuu ya Pemba.

UBONGO NI MLAJI MKUBWA

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, yaani kama asilimia 2 tu ya mwili mzima. Hata hivyo, mwili ukiwa umepumzika, ubongo hutumia takriban asilimia 20 ya nishati yote. Kwa mtoto gharama hiyo ni kubwa zaidi. Mwaka 2014 wanasayansi wa Marekani walionyesha kwamba mtoto afikapo umri wa miaka 5 hivi, ubongo wake hutumia nishati inayolingana na karibu thuluthi mbili ya ile ambayo mwili huihitaji ukiwa umepumzika. Katika miaka hiyo hiyo mwili wake hukua polepole kuliko wakati mwingine wa utoto, kana kwamba viungo vingine vimekubali kungoja mpaka ubongo umalize kujengwa.

Mlaji huyu mkubwa hana ghala. Misuli huweza kuweka akiba ya sukari, na chini ya ngozi kuna akiba ya mafuta, lakini ubongo hutegemea kuletewa oksijeni na glukosi kila dakika kwa njia ya damu. Damu ikikatika kwa sekunde chache tu, mtu huzimia. Kwa hiyo fikra husimama juu ya mnyororo mrefu ambao pete zake ni chakula, utumbo, damu, mapafu na moyo. Pete mojawapo ikilegea, ubongo huwa miongoni mwa wanaoumia.

Oksijeni huchukuliwa na himoglobini, kitu chekundu kilichomo katika chembe za damu, na himoglobini haiwezi kutengenezwa bila madini ya chuma. Gramu moja ya himoglobini huweza kubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Mtoto mwenye gramu 120 za himoglobini katika kila lita ya damu huweza kubeba mililita 160 za oksijeni katika lita hiyo. Mwenziwe mwenye gramu 80 hubeba mililita 107 tu. Theluthi nzima imepotea. Ili kuifidia hasara hiyo moyo wa mtoto huyo wa pili hupiga upesi zaidi hata akiwa amekaa, na akitakiwa kukimbia au kupanda mlima huishiwa pumzi mapema. Hivyo upungufu wa damu ni upungufu wa ukakamavu, hata kama mtoto hakupata kuwa mgonjwa wa kulazwa.

DAMU INAYOPOTEA KIMYA

Pemba ni kisiwa chenye mvua nyingi, vilima na mabonde, na udongo wake huhifadhi unyevu chini ya vivuli vya mikarafuu, minazi na migomba. Mazingira hayo yanayoneemesha karafuu huwaneemesha pia minyoo ya safura. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi, viluwiluwi vyake hukua katika udongo wa kivuli, kisha hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Baada ya safari ndefu kupitia damu na mapafu, mnyoo hufika katika utumbo mdogo, ukajishikiza ukutani na kuanza kufyonza damu.

Mnyoo mmoja wa aina kubwa ya safura humpotezea mtu kama mililita 0.15 za damu kwa siku. Kiasi hicho ni kidogo, lakini minyoo 100 humpotezea mtoto mililita 15, ambazo ni sawa na vijiko vitatu vya chai. Katika damu ya kawaida, mililita moja ina karibu nusu miligramu ya chuma. Basi mililita 15 zina miligramu 7 hivi. Ni kweli kwamba utumbo hufyonza tena sehemu ya chuma hicho. Lakini kwa kawaida mtoto hupata kutoka katika chakula chake chuma cha miligramu 1 hivi tu kwa siku, na akiwa anakula zaidi muhogo na wali pasipo samaki wala nyama ya kutosha, huenda asikifikie hata kiasi hicho. Hesabu haipatani, na deni hulipwa na damu.

Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 3,595 wa Pemba, uliofanywa na watafiti wakiongozwa na Rebecca Stoltzfus wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani. Wanafunzi 62 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu. Zaidi ya asilimia 80 ya upungufu huo uliambatana na ukosefu wa chuma. Na katika upungufu mkali kabisa, asilimia 73 ilihesabiwa kuwa imesababishwa na minyoo ya safura.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 wanafunzi wa Pemba walianza kupewa dawa ya minyoo shuleni kwa utaratibu. Watafiti walikadiria kwamba, katika jumla ya watoto 30,000 wa shule, mpango huo ulizuia kwa mwaka mmoja kesi 1,260 za upungufu wa damu wa kati na mkali, zikiwamo 276 za upungufu mkali. Uzito na kimo viliongezeka pia, ila kwa kiasi kidogo tu. Jambo hili ni la kukumbukwa: mizani ilionyesha mabadiliko madogo, lakini ndani ya damu mambo yalikuwa yamebadilika sana.

Ng'ambo ya bahari, katika pwani ya Kenya, watafiti wengine waliupima ukakamavu wenyewe. Wavulana wa shule wenye minyoo walitakiwa wapande na kushuka kidato kwa dakika kadhaa, kisha mapigo ya moyo yakahesabiwa. Moyo wenye nguvu hurudi katika hali yake upesi, na ule dhaifu huendelea kupiga mbio. Baadhi ya wavulana walipewa dozi moja ya dawa ya minyoo na wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1993 yalionyesha kwamba, baada ya miezi minne, waliopata dawa walikuwa na ukakamavu zaidi, hamu ya kula zaidi, na uzito zaidi. Dawa moja ilikuwa imegusa mwili mahali patatu kwa pamoja.

MAJARIBIO YA KENGEJA

Lakini je, mabadiliko hayo ya mwili huufikia ubongo? Swali hili lilichunguzwa katika kijiji cha Kengeja, kusini mwa Pemba. Watoto 614 wenye umri kati ya miezi 6 na 59 waligawanywa kwa kura. Baadhi walipewa miligramu 10 za chuma kila siku, wengine dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, wengine vyote viwili, na wengine dawa zisizo na kiini. Kwa muda wa miezi 12, wazazi na watafiti hawakujua ni mtoto gani aliyepata nini. Utaratibu huo ni wa lazima, kwa sababu mzazi ajuaye kwamba mwanawe anapata dawa huweza kuona maendeleo hata yasipokuwapo. Kabla ya majaribio na baada yake, wazazi waliulizwa juu ya mambo ambayo mtoto anaweza kuyafanya kwa mwili wake na kwa ulimi wake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Watoto waliopata chuma walitangulia katika lugha kwa pointi 0.8 katika kipimo cha pointi 20. Tofauti si kubwa, lakini ilikuwa ya hakika kitakwimu. Katika mwendo wa mwili, chuma kilisaidia wale tu ambao mwanzoni walikuwa na himoglobini chini ya gramu 90 kwa lita. Dawa ya minyoo haikuleta tofauti ya hakika katika lugha wala mwendo. Wala haikuipunguza minyoo ya safura kama ilivyopunguza minyoo ya aina nyingine, ingawa iliongeza hamu ya kula na kupunguza kukonda kwa watoto wadogo zaidi.

Jambo moja katika majaribio haya lastahili kutazamwa kwa makini. Chuma kilichotolewa Kengeja hakikupunguza upungufu wa damu kwa kiasi cha kuonekana, na hata hivyo lugha iliendelea mbele. Maana yake ni kwamba njia ya chuma kwenda kwenye akili haipiti katika himoglobini peke yake. Ubongo wenyewe huhitaji chuma ili kutengeneza ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za neva na kuzipitishia habari kwa kasi, na pia ili kutengeneza kemikali zinazobeba habari kutoka neva moja hadi nyingine. Mtoto huweza kukosa chuma cha ubongo kabla uso wake haujapauka.

ANAYETEMBEA HUONA

Iko njia nyingine ambayo mwili huisomesha akili, nayo ni mwendo. Mtoto aliyebebwa huona kile aonyeshwacho. Anayetembea hukifuata kile anachokitaka: huenda jikoni, hufungua kapu, hukimbiza kuku, huanguka, huulizwa na kujibu. Kila hatua ni somo la umbali, la uzito wa vitu, na la maneno.

Utafiti wa watoto wachanga wa Pemba, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba hali ya chuma na ukuaji wa mwili vilihusiana na kuanza kutembea, ingawa havikuhusiana na kutambaa. Mtoto aliyedumaa na kukosa chuma huchelewa kusimama kwa miguu yake, na kwa hiyo huchelewa kuingia katika shule hii ya kwanza kabisa. Mwaka uliofuata ilitolewa taarifa nyingine kwamba watoto wa umri wa miezi 5 hadi 11 waliopewa chuma walianza kutembea bila kushikwa mapema kuliko wasiopewa, kwa tofauti ya siku 15 hivi.

DAWA ILIYOHITAJI TAHADHARI

Msomaji atauliza: kama ni hivyo, mbona chuma hakigawiwi kwa kila mtoto? Swali hilo nalo lilijibiwa Pemba, na jibu lake lilishtusha ulimwengu wa tiba.

Kuanzia mwaka 2002 ulifanyika Pemba utafiti mkubwa juu ya watoto 24,076 wa umri kati ya mwezi 1 na miezi 35. Baadhi walipewa chuma na asidi ya foliki, pamoja na zinki au bila zinki, na wengine kidonge kisicho na dawa. Mwezi Agosti 2003 kamati iliyosimamia usalama wa watoto ilisimamisha utoaji wa chuma. Ilikuwa imeonekana kwamba watoto waliopewa chuma walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 12 ya kufa au kulazwa hospitali kwa ugonjwa mkali. Matokeo kamili yalichapishwa na Sunil Sazawal na wenzake mwaka 2006. Utafiti wa namna hiyo hiyo uliofanywa katika nyanda za kusini za Nepal, ambako malaria ni adimu, haukuonyesha hatari hiyo.

Kwa nini? Mwili wenyewe, unaposhambuliwa na vijidudu, hukificha chuma, kwa sababu vijidudu navyo hukihitaji ili viongezeke. Kukileta kwa wingi wakati vimelea vya malaria vimo katika damu huenda ni kumlisha adui pamoja na mwenyeji. Hata hivyo katika kundi dogo la watoto hao hao wa Pemba waliopimwa damu, wale waliokuwa kweli na ukosefu wa chuma na upungufu wa damu walinufaika na chuma, na matatizo yalikuwa machache kwao. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mahali penye malaria, utoaji wa chuma uambatane na kinga na tiba ya malaria.

Huko Zanzibar kwenyewe, dawa mseto za malaria zilizoanza kutumiwa mwaka 2003, pamoja na vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa majumba, zilishusha malaria kwa kiasi kikubwa sana katika miaka iliyofuata. Lakini funzo lilibaki palepale: kwamba kitu kinachofaa akili ya mtoto mmoja huweza kuhatarisha uhai wa mwingine, na kwamba hakuna nia njema inayoweza kuchukua nafasi ya kipimo. Mwalimu au mzazi asimpe mtoto dawa ya chuma kwa kukisia. Kazi hiyo ni ya kituo cha afya.

MIZANI MOJA, MAJIBU MAWILI

Mpaka hapa tumezungumzia miili iliyopungukiwa. Upande wa pili wa dunia, na sasa katika miji yetu pia, kuna tatizo la miili iliyozidi. Mwaka 2007 watafiti wa jimbo la Illinois, Marekani, walichapisha matokeo ya wanafunzi 259 wa madarasa ya tatu na ya tano. Watoto waliokuwa na pumzi ndefu zaidi katika mbio walikuwa na alama za juu zaidi katika kusoma na hesabu. Wale waliokuwa na uzito mkubwa kwa kimo chao walikuwa na alama za chini zaidi.

Yafaa kulinganisha jambo hilo na yale tuliyoyaona mwanzoni. Mahali ambapo chakula ni haba na minyoo ni mingi, mtoto aliye na kimo na uzito unaolingana na umri wake kwa kawaida hutangulia katika maendeleo ya akili. Mahali ambapo chakula ni kingi na mwendo ni mchache, mtoto mwenye uzito mkubwa huelekea kuachwa nyuma. Mizani ni ile ile, lakini majibu yamepinduka. Kama uzito wenyewe ungekuwa ndio sababu ya akili, jibu lingekuwa moja kila mahali. Kupinduka kwake kunatuonyesha kwamba uzito ni dalili tu ya mambo mengine: chakula, damu, magonjwa, umaskini au utajiri wa nyumba, na kiasi ambacho mwili unatumiwa.

Uchunguzi mwingine, uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2009, unaliongezea jambo hili nguvu. Ulihusu vijana wa kiume zaidi ya milioni 1.2 waliopimwa walipoitwa jeshini wakiwa na umri wa miaka 18. Ukakamavu wa moyo na mapafu ulihusiana na alama za akili, lakini nguvu za misuli hazikuhusiana nazo. Wale ambao ukakamavu wao uliongezeka kati ya umri wa miaka 15 na 18 walipata alama bora kuliko wale ambao ukakamavu wao ulipungua. Hata kati ya mapacha, tofauti ilielezwa zaidi na mazingira na maisha kuliko na urithi. Kwa hiyo kinachofuatana na akili si ukubwa wa mkono bali ni wepesi wa damu kufika inakotakiwa.

MAZOEZI YANAUFANYIAJE KAZI UBONGO?

Uhusiano peke yake si ushahidi wa sababu. Huenda watoto wenye akili nyepesi ndio wanaopenda michezo. Huenda nyumba zenye uwezo huwapa watoto chakula bora na vitabu pia. Njia ya kutatua shaka hii ni kuwagawanya watoto kwa kura. Katika utafiti mmoja wa Illinois uliochapishwa mwaka 2014, watoto 221 wa umri wa miaka 7 hadi 9 waligawanywa namna hiyo. Nusu walishiriki michezo ya kukimbia na kuruka baada ya masomo kwa muda wa miezi tisa, na nusu waliwekwa katika orodha ya kungojea. Walioshiriki waliongeza ukakamavu, na waliwashinda wenzao katika majaribio ya kuzuia jibu la haraka lililo kosa na kuhamisha mawazo kutoka kanuni moja hadi nyingine. Hizo ndizo kazi ambazo mwanafunzi huzihitaji anapokutana na swali la hesabu lenye mtego.

Ndani ya ubongo, mazoezi huongeza mtiririko wa damu na hutoa protini zinazosaidia neva kukua na kuungana. Sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo ni ya lazima katika kutia mambo kumbukumbuni, imeonekana kuwa kubwa zaidi kwa watoto wenye ukakamavu. Na si kwa watoto peke yao: mwaka 2011 ilitolewa taarifa ya wazee 120 wa Marekani, ambapo wale waliotembea kwa bidii kwa mwaka mmoja waliongeza ukubwa wa hipokampasi kwa asilimia 2 hivi, hali ya wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu ilipungua.

Faida nyingine huja papo hapo. Jaribio la mwaka 2009 lilionyesha kwamba watoto wa miaka 9 na 10 waliotembea kwa dakika 20 walikuwa makini zaidi, na walisoma na kuelewa vizuri zaidi muda mfupi baadaye, kuliko siku waliyokaa kimya kwa muda huo huo.

Hata hivyo lazima pawe na kiasi katika madai. Mazoezi hayamfundishi mtu kanuni ya Pythagoras. Huandaa shamba, mbegu ni kazi ya mwalimu na ya mwanafunzi mwenyewe. Na mtoto mwenye safura akilazimishwa kukimbia hatapata akili, atapata kizunguzungu. Kwake damu hutangulia, na mbio hufuata.

AKILI IPI INAPIMWA?

Kuna tahadhari nyingine juu ya vipimo vyenyewe. Robert Sternberg na wenzake walifanya utafiti kati ya watoto wa vijijini karibu na Bagamoyo na kuuchapisha mwaka 2002. Watoto walipewa maswali ya kufikiri, kisha wakafundishwa kwa muda mfupi namna ya kuyakabili, kisha wakapimwa tena. Alama zilipanda. Kipimo cha kwanza kilikuwa kimepima ugeni wa swali, na kile cha pili kilikaribia zaidi kupima uwezo wa kujifunza. Kwa hiyo mwalimu anayeona alama moja ya chini hana budi kujiuliza maswali matatu kabla ya kutoa hukumu: je, mtoto huyu amekula? Je, damu yake inatosha? Je, amewahi kuonyeshwa namna ya kulifikiri jambo hili?

SHULE INAWEZA KUFANYA NINI?

Mambo mengi hayahitaji fedha nyingi. Choo kinachotumiwa na viatu vinavyovaliwa huikata njia ya minyoo ya safura. Siku ya kugawa dawa za minyoo shuleni isikosekane. Dagaa na samaki hutoa chuma kinachofyonzwa kwa urahisi. Chuma cha mchicha, kisamvu na kunde hufyonzwa vizuri zaidi kikiambatana na chungwa, ndimu au embe, na hufyonzwa kidogo kikiambatana na chai. Basi chai na inywewe mbali na chakula. Mtoto anayepauka, anayechoka upesi, au anayekula udongo apelekwe kituo cha afya badala ya kuadhibiwa kwa uvivu. Na kipindi cha michezo kirudishwe katika ratiba ya madarasa ya mitihani, kwa maana hicho ni sehemu ya matayarisho ya mtihani.

Wanafunzi wanaweza pia kulichunguza jambo hili wenyewe.

JARIBIO LA DARASANI

Vifaa: saa yenye mshale wa sekunde, kalamu, na kurasa mbili za gazeti zenye maandishi ya ukubwa mmoja.

Gawanyeni darasa kwa kura katika makundi mawili. Siku ya kwanza, kundi A litembee kwa haraka kuzunguka uwanja kwa dakika 20, na kundi B likae likisoma kimya. Kila mmoja ahesabu mapigo yake ya moyo kwa dakika moja kabla na baada. Wapumzike kwa dakika 10. Kisha wote kwa pamoja wakate kwa kalamu kila herufi “k” katika ukurasa wa kwanza kwa muda wa dakika 2. Hesabuni herufi zilizokatwa na zilizorukwa. Baada ya siku chache rudieni jaribio kwa ukurasa wa pili, makundi yakibadilishana kazi.

Jadilini: Kwa nini ni lazima makundi yabadilishane? Kwa nini kura itumiwe badala ya kuwaacha wapendao michezo wachague kutembea? Kama tofauti ni ndogo, mtajuaje kwamba haikutokea kwa bahati tu? Mwanafunzi aliye mgonjwa asitembezwe, ila awe mtunza saa. Wala pasiwe na mtu atakayepimwa uzito mbele ya wenziwe. Jaribio hili halina haja nao.